Bia Chungu ya Ssalongo

Mwanamume wa Kampala akikaribia miaka arobaini na tano hana budi kupatwa na jambo. Wako wanaonunua ng'ombe huko Kiboga na kuwachunga kwa simu. Wako wanaofuga kuku wa mayai mpaka siku bei ya chakula cha kuku itakapowaumbua. Wa kwangu alirudi kutoka Marekani na pakiti za vidonge vya kijani, mfano wa chakula cha sungura, akawaita watoto sebuleni na kutangaza kwamba nyumba yetu ya Kisaasi sasa itapika bia.

Mimi ni Mchagga wa Marangu. Kwetu pombe haitangazwi, inapikwa. Nimekulia katika nyumba ambamo ubatizo, posa, msiba na hata ugomvi wa mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, haviishi mpaka kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, izunguke. Kwa hiyo sikupiga kelele. Nilimuuliza swali moja tu, lile ambalo bibi yangu angeuliza: "Kimea kiko wapi?"

Akanyamaza. Vidonge alikuwa navyo, hamira alikuwa nayo, hata kimashine cha kufungia vizibo alikuwa nacho. Kimea, ambacho ndicho pombe yenyewe, hakuwa nacho. Mzigo ulikuwa umeshapita kilo, akakiacha kwa kaka yake.

Kaka yake huyo, yaani shemeji yangu, anaishi Waltham, mji mdogo nje ya Boston ambako Waganda ni wengi. Ndiye aliyemnywesha mume wangu aina ya bia iitwayo IPA, ile nyepesi, naye akarudi ameokoka. Mume wangu namwita Ssalongo, naye huniita Nnalongo, kwa sababu tuna mapacha, Wasswa na Nakato. Kwa Waganda ukishazaa pacha, jina lako la zamani linabaki kwenye kitambulisho tu.

IPA ni bia ya Waingereza iliyopata sifa kwa kupelekwa India enzi za ukoloni, ikiwa imetiwa hopsi kwa wingi. Hopsi, ambazo ndizo vile vidonge vya kijani, ni maua ya mmea unaotambaa. Huipa bia uchungu na harufu, na huzuia baadhi ya vijidudu vinavyoiharibu. Baadaye Wamarekani wakaichukua, wakaitia hopsi zenye harufu ya machungwa na maembe, na kilevi cha asilimia sita, saba na zaidi. Kisha wakaona kwamba chupa chache za namna hiyo zinamlaza mtu kabla mpira haujafika mapumziko. Ndipo ikaja hii nyepesi: hopsi zilezile, kilevi asilimia nne au hata chini ya hapo. Nile Special ya hapa kwetu ina 5.6.

"Nataka bia ya kukaa nayo," Ssalongo aliniambia. "Jumamosi nianze saa nane mchana, nimalize saa tatu usiku, na Jumapili niende misa nikiwa na kichwa changu mwenyewe."

Hoja nilikubaliana nayo. Nilichohofia ni bafu yangu ya wageni.

Shayiri ya Uganda hulimwa Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na nyingi yake huishia viwandani. Rafiki yake Msebei alimtumia nusu gunia kwa basi la Mbale. Kuanzia hapo bafu ya wageni ikawa shamba. Shayiri ililowekwa kwenye karai, ikachujwa ipumue, ikalowekwa tena, kisha ikatandazwa sakafuni juu ya magunia ili ichipue. Kila alfajiri, kabla hajavaa tai, Ssalongo alipiga magoti humo bafuni akiigeuza kwa mikono isije ikapata joto na kuoza. Kazi hiyo naijua. Ulezi wa mbege nao huoteshwa vivyo hivyo, ukakaushwa na kusagwa. Ndani ya punje inayochipua huamka vimeng'enya ambavyo baadaye hugeuza wanga kuwa sukari. Bila hivyo unachopika ni uji tu.

Kukausha ndiko kulikotushinda. Kampala ina jua zuri la asubuhi na mvua ya mchana isiyopiga hodi. Mikeka ilitandazwa uani, mvua ikaja, mapacha wakakimbiza mikeka barazani, na kuku wa jirani wakaifuata huko huko. Kilichosalia kiliingia kwenye oveni mpaka Yaka ikaanza kulia. Yaka ni ile mita ya umeme wa kulipia kabla, na mlio wake unajulikana kwa kila mama wa mji huu. Shayiri ikamaliziwa juu ya sigiri ya mkaa, punje nyingine zikawa na rangi ya biskuti, nyingine rangi ya kahawa.

"Hiyo ndiyo ladha," alisema Ssalongo.

Katikati ya mambo hayo akafika mama mkwe.

Alitoka Masaka, na hakuja mikono mitupu. Kondakta wa takisi alishusha langoni mikungu ya mbidde, ndizi za pombe, zilizokwisha kuivishwa mpaka ngozi zimekuwa nyeusi, fungu la nyasi kavu, na mfuko wa muwemba, yaani mtama, uliokaangwa na kusagwa. Nilipiga magoti kumsalimu kama desturi ya Buganda inavyotaka. Salamu za Kiganda ni ndefu, zinapita kwa watoto, shamba, mvua na majirani, na kabla hatujafika kwenye mvua alikuwa ameshanusa.

"Nnalongo, mwanangu, kuna nini bafuni?"

"Ni mwanao, mama. Anapika pombe."

"Pombe ya nini?"

"Ya shayiri. Na maua."

Alifikiri kidogo. "Maua," alisema. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama mume wangu huyu analala vizuri usiku.

Jioni ile Ssalongo alimwonyesha mama yake vifaa vyote: kipimajoto, haidromita ya kioo, dumu jeupe lenye mrija wa kutolea hewa. Mama alivitazama kimoja kimoja kwa heshima, kama tunavyotazama picha za harusi ya watu tusiowajua. Alipoulizwa kwa nini kaleta mbidde, alijibu kwamba nyumba yenye pombe isiyojulikana itaiva lini inahitaji pombe inayojulikana itaiva lini. Jumamosi wakaanza wote wawili, mama uani, mwana jikoni.

Omwenge bigere hauhitaji jiko. Ndizi zilimenywa, zikamwagwa kwenye karai kubwa la plastiki pamoja na zile nyasi. Mashambani hutumia mtumbwi wa mti, na kazi ya kukanyaga ni ya wanaume. Hapa wanaume walikuwa Wasswa peke yake, kwa kuwa baba yake alikuwa na shughuli za kisayansi. Bibi alimsugua miguu kwa sabuni na maji ya moto mpaka akalalamika, akamwingiza karaini. Nakato alilia uani kote mpaka bibi akakata shauri kwamba Kisaasi si Masaka, akasuguliwa naye. Walikanyaga wakishikana mabega. Mwanzo ni tope zito lililojaa hewa, linavuta kwenye vidole. Kisha ghafla nyasi zinashika nyuzinyuzi, na chini yake yanatoka maji meupe yenye povu jepesi, matamu kuliko soda. Hiyo ndiyo omubisi. Mama aliichuja kupitia nyasi mpya, akaongeza maji kwa kukadiria kwa jicho, akanyunyiza muwemba, akafunika kwa majani ya mgomba. Akanawa mikono. Alikuwa amemaliza kabla ya chakula cha mchana.

Jikoni mambo yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza. Maji ya bomba ya Kampala hutoka Ziwa Victoria na hutiwa klorini, na klorini ikikutana na kimea huleta ladha ya plasta ya hospitali. Kwa hiyo Ssalongo alikuwa ameyalaza maji wazi kwenye madumu usiku kucha, na asubuhi mapacha wakachotea chai. Madumu yakajazwa upya, na maji yakachemshwa. Kimea kilitwangwa kwenye kinu cha karanga. Ikabaki haja ya kitambaa cha kuchujia. Alikuja na neti ya mbu, nikamkatalia, maana ile ina dawa. Tulichopata ni pazia la shela la dirisha la sebuleni. Nikalishona mfuko kwa cherehani, na tangu siku ile jirani wa ng'ambo anajua tunatazama tamthilia gani.

Hapa ndipo Ssalongo alipofanya jambo ambalo baadaye lilituamsha usiku. Bia yenye kilevi kidogo huelekea kuwa nyembamba, ikanyweka kama maji yaliyosuuza sufuria. Wapikaji huikwepa hali hiyo kwa kuloweka kimea kwenye maji ya moto zaidi. Katika nyuzi 63 au 65, vimeng'enya hukata wanga kuwa sukari ambazo hamira hula zote. Katika nyuzi 68 au 69, hubaki vipande virefu ambavyo hamira haiwezi kuvitafuna, na hivyo ndivyo vinavyoipa bia unene mdomoni. Ssalongo alishikilia nyuzi 69 juu ya sufuria kubwa ya Katwe, akichochea mkaa kwa mkono mmoja na kushika kipimajoto kwa mkono mwingine, mvuke ukimlowesha miwani. Alipopima utamu wa maji ya kimea, haidromita ilionyesha kwamba kimea chetu cha bafuni kimetoa sukari kidogo kuliko alivyotarajia. Alitangaza kwamba ndivyo alivyokusudia.

Kisha ukaja mchemsho. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 badala ya 100. Uchungu wa hopsi hautoki mara tu zinapoloa. Lazima asidi zake zibadilike umbo ndani ya maji yanayochemka, na kadiri joto linavyopungua ndivyo zinavyochelewa. Akazidisha muda, na mkaa, na vidonge. Alipotia fungu la mwisho, nyumba nzima ilijaa harufu: kwanza machungwa, halafu embe, halafu kitu kingine ambacho mtu yeyote aliyewahi kupita nyuma ya stendi usiku anakijua.

Askari wa geti alibisha mlango wa jikoni. Alivua kofia.

"Mama, nimekuja kusema tu kwamba mimi sijanusa chochote."

Nikamshukuru.

"Na hata wakija kuniuliza, sijanusa. Ila mkimaliza, msinisahau."

Hopsi na bangi ni mimea ya ukoo mmoja, na wataalamu wa mimea wameiweka pamoja kwenye familia ya Cannabaceae. Hopsi hazileweshi namna ile, lakini nenda kamweleze askari familia ya Cannabaceae saa kumi na moja jioni. Nilimpa sahani ya wali na maharage, akaondoka akinikonyeza.

Jumapili baada ya misa, pombe ya mama ilikuwa tayari. Siku ya kwanza ni tamu, kilevi hafifu, povu zito lenye harufu ya ndizi na mtama uliokaangwa. Ukiiacha siku zinazofuata hukata sukari na kukata kichwa pia. Walikuja majirani, akaja mwalimu wa mapacha, akaja askari aliyedhani ndiyo ile. Ssalongo alikunywa vikombe kadhaa akilalamika kwamba mtama si nafaka ya bia. Mama yake akamkumbusha kwamba Eagle, ambayo anaisifu akiwa na marafiki zake, hutengenezwa kwa mtama wa Epuripur wa Serere tangu 2002. Akanyamaza, akaongeza kikombe. Jioni karai lilikuwa limesuguliwa na kuanikwa.

Bia yake wakati huo ilikuwa imefungwa kwenye dumu, dumu limesimama ndani ya beseni la maji, limevikwa taulo lililoloa ili lisizidi nyuzi 22. Bafu ya wageni haikuogeka. Mama mkwe alioga kwetu, na kila akitoka aliuliza, "Imeiva?" Mrija ulipoacha kutoa mapovu, Ssalongo alifungua dumu na kumwaga ndani fungu jingine la hopsi, safari hii bila kuchemsha, kwa ajili ya harufu. Mama alimwona.

"Unatia dawa kwenye pombe iliyokwisha?"

"Ni kiungo, mama."

"Pombe iliyokwisha hainyweshwi dawa. Inanywewa."

Siku chache baadaye ikatiwa chupani. Tulikuwa tumekusanya chupa za kahawia za nusu lita, kwa maana mwanga wa jua huzipa hopsi harufu mbaya na rangi hiyo huuzuia. Kila chupa ilitiwa sukari ya Kakira kidogo ili hamira iliyobaki iamke na kuleta gesi. Wasswa alipanga vizibo, Nakato alibandika vikaratasi alivyochora simba mwenye kikombe. Kreti zikaingia stoo, kando ya jiko, chumba chenye joto kuliko vyote nyumbani. Ssalongo alimwalika mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, na marafiki zake wote kwa Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Usiku wa Alhamisi, ikikaribia saa nane, ukasikika mlio mmoja. Tukakaa kitandani. Ukafuata wa pili, na wa tatu, kisha kelele za vioo. Nje askari alipuliza filimbi. Mbwa wa Kisaasi yote wakaitikia. Taa za jirani ziliwaka na kuzimwa haraka, kama watu wenye akili wanavyofanya wakisikia risasi. Mapacha walikuja mbio chumbani. Mama mkwe alitoka akiwa amejifunga shuka, rozari mkononi, na neno la kwanza alilosema ni: "Ni yale maua."

Mwenyekiti alifika na tochi na vijana wawili. Tulisimama wote jikoni tukitazama mlango wa stoo, chini yake unatoka mto mdogo wa povu unaonukia machungwa. Ndani kulilia chupa nyingine. Mwenyekiti aliuliza kwa upole kama kuna mtu humo.

"Ni bia," Ssalongo alisema.

"Nani kaipiga?"

Akaingia mwenyewe. Alivaa helmeti ya boda boda aliyoazima kwa kijana wa mwenyekiti, koti la mvua, na glavu zangu za oveni zenye maua. Alitoa kreti ya kwanza akiikumbatia mbali na mwili, akageuza uso, akaiweka kwenye beseni la barafu. Nakato alimmulikia tochi kutoka nyuma ya bibi yake. Kila chupa iliyofunguliwa ilirusha povu mpaka dari, na dari ile ina madoa mpaka leo. Vipande vya vioo vilikuwa vimejikita kwenye gunia la mchele. Mchele wote ukatupwa, na hilo ndilo jambo pekee la usiku ule ambalo sikulicheka.

Siku zilizofuata Ssalongo alisoma mpaka akajua kilichotokea. Zile hopsi zilizotiwa bila kuchemshwa huja na vimeng'enya vyao. Vimeng'enya hivyo hukatakata vile vipande virefu vya wanga ambavyo yeye mwenyewe alivihifadhi kwa kushikilia nyuzi 69, vikawa sukari ya kulika. Hamira iliyodhaniwa imeshiba ikaanza kula upya, safari hii ikiwa imefungiwa ndani ya chupa, pamoja na sukari ya Kakira, ndani ya stoo ya moto. Gesi haikuwa na pa kwenda. Si jambo geni. Waingereza wawili, Horace Brown na Harris Morris, waliliandika mwaka 1893, na viwanda vidogo vya Marekani vinavyomwaga hopsi nyingi kwenye bia vimelazimika kulisoma tena. Bia nene yenye kilevi kidogo na hopsi nyingi mbichi ina kila kitu cha kulipukia: chakula, mlaji, na wa kukata chakula hicho vipande.

Mama mkwe alisikiliza maelezo yote hayo, nami nikimfasiria yale ambayo mwanawe aliyasema kwa Kiingereza. Akayafupisha. "Pombe ni kitu hai, inapumua. Wewe umeiziba mdomo."

Na ukifikiri, ndivyo ilivyo kwa pombe zote za kwetu. Mbege hunywewa ikiwa bado inachemka kwenye pipa, watu wakishindana na povu lake. Omwenge bigere hukaa chini ya majani ya mgomba, si chini ya kizibo. Malwa ya Wateso, ambayo Kampala ina vijiwe vyake kila mtaa, hukaa katikati ya watu ndani ya chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu, na maji ya moto yanaongezwa kadiri mazungumzo yanavyoendelea. Kila birika linalomiminwa linapunguza ukali, kwa hiyo aliyeanza saa nane mchana bado ana akili saa tatu usiku. Wazee hawakuwa na haidromita, lakini waligawana pombe ikiwa bado changa, na chungu hakijawahi kumpasukia mtu usoni.

Usiku ule wa Alhamisi, kwa kuwa chupa zilizopona hazikuwa za kuaminiwa hadi Jumamosi, Ssalongo alizifungua zote. Zilimiminwa kwenye sufuria ileile ya Katwe ili gesi itoke, na tukanywa kwa vikombe vya chai, saa tisa za usiku, mimi, mama mkwe, mwenyekiti na vijana wake, askari, na jirani aliyekuja kuhakikisha hatujafa.

Mwenyekiti aliionja, akafumba macho, akauliza kama ni ya malaria, kwa sababu ina uchungu wa mululuza, ule mmea wa dawa. Kijana mmoja alisema inanuka sabuni nzuri. Askari alikunywa kikombe kizima kwa imani, akangoja, akakata tamaa. Mimi niliutambua ule uchungu. Mbege yetu hutiwa gamba la msesewa, mti uitwao na wataalamu Rauvolfia caffra, nalo hufanya kazi ileile: hukata utamu, mdomo ukabaki mkavu, ukatamani funda jingine. Hopsi hazizai maua vizuri huku kwetu kwenye ikweta, kwa kuwa zinahitaji siku ndefu za kiangazi na sisi mchana wetu ni saa kumi na mbili mwaka mzima. Msesewa upo milimani tangu kabla ya babu wa babu yangu.

Mama mkwe ndiye aliyesema mwisho, kama ilivyo haki yake. Alikunywa kikombe cha pili, na cha tatu, akimsimulia mwenyekiti habari za shamba lake mpaka ndege wakaanza kulia. Alipoinuka hakuyumba hata kidogo. "Ni chungu," alimwambia mwanawe, "lakini haimtupi mtu. Ungeitoa dumuni tungeimaliza kwa amani."

Ssalongo anapika bado, na sasa pazia lile ni mali ya jiko moja kwa moja. Anapunguza hopsi mbichi, anaongeza muwemba wa mama uliokaangwa kwa ajili ya rangi, na nimemwagizia msesewa kutoka Marangu. Hatii tena chupani. Inatolewa dumuni, ikiwa na povu hafifu, watu wakiwa wameshafika.

Kwa msomaji anayetaka kuijaribu nyumbani kwake, basi ajue haya. Ukitia hopsi mbichi, pima kwa haidromita siku kadhaa mfululizo, na usifunge kitu mpaka kipimo kimeacha kushuka. Chupa moja iwe ya plastiki ya soda. Ikikakamaa ukaibonyeza isibonyee, peleka zote kwenye friji siku hiyo hiyo. Weka mchele mbali. Na kama mama mkwe wako ametoka Masaka, muulize yeye kwanza, kisha ndiyo uangalie kipimajoto.